Injini Yote, Si Kipande

Benchi ni yangu, hiyo ijulikane kwanza. Niliiweka hapo kona ya Congo, Kawangware, ukishuka kutoka stendi ya 56, katikati ya kinyozi na duka la hadiweya, ili mtu akinunua kahawa yangu mimi Maggie akae, anywe, aende. Kukaa walikaa. Kwenda ndio kumewashinda. Kuna Kiarie, tunamwita Kufuli kwa sababu anasimamia ploti za Shosho Wagaki, nyanya mwenye nyumba za kupangisha hapa, na ndiye hufungia wapangaji milango. Kuna Wekulo, tunamwita Laini Saba, kwa sababu aliishi Kibera, mtaa wa Laini Saba kando ya reli, na hakuna jambo hapa duniani halikutokea Laini Saba kwanza. Halafu kuna Khamala, Askofu asiye na kanisa. Usiku ni soja wa geti huko Lavington, asubuhi anapitia hapa na blanketi begani akisema anaenda kulala, na halali, anakaa akihubiri methali mpaka jua la saa sita limpate hapo. Nimewachoka hawa watu na siwezi kufukuza hata mmoja.

Ijumaa hiyo kulikuwa na mtu wa nne, lakini huyo alikuwa chini, si kwa benchi. Shiundu, kijana wetu wa boda. Alikuwa ametandika gunia mbele ya hadiweya, ameweka pikipiki juu ya stendi, ametoa tangi, na yeye mwenyewe amejikunja kando ya injini na kipande cha msasa, anasugua. Miguu tu ndiyo ilionekana vizuri. Wiki hiyo yote hakuwa amebeba abiria.

Kufuli: Maggie, huyo amelala ama anafanya kazi?

Mimi: Muulize.

Kufuli: Siwezi kuuliza miguu.

Laini Saba: Anafanya. Ona vile kidole cha mguu kinacheza. Mtu akisugua chuma na nia, kidole hucheza.

Pikipiki yenyewe si yake, na hapo ndipo maneno yako. Ni ya Shosho Wagaki. Shiundu ameiendesha tangu itoke dukani ikiwa na nailoni kwa kiti. Asubuhi anachukua ufunguo kwa Shosho, jioni anarudisha na hesabu ya siku. Kila akiomba iandikwe jina lake, hata kama ni kulipa pole pole, Shosho anacheka. Halafu siku moja, hapa hapa kwa benchi, akiwa na kikombe changu mkononi, akamwambia: "Siku nitafunga kitambaa changu cha kichwa nikijiangalia kwa hiyo injini yako ya matope, naandika piki jina lako. Na nimesema injini yote, Shiundu. Si kipande unisugulie unionyeshe." Watu walicheka sana. Mimi pia nilicheka. Shiundu peke yake ndiye hakucheka. Sasa Shosho kesho anahamia Kinangop kwa shamba lake, harudi, na kijana wake Ndungu tayari amepata mtu wa Uthiru wa kununua piki. Kwa hivyo kama ni kujiona kwa injini, ni leo. Shosho alisema atapita hapa saa nane akienda kuaga majirani.

Kufuli: Shiundu, mimi nakwambia kama ndugu. Wacha hiyo msasa. Tumia Colgate.

Shiundu aliendelea kusugua.

Kufuli: Colgate na jivu ya makaa. Bibi yangu aling'arisha bakoli moja hivyo mpaka nikanyoa nayo.

Mimi: Bibi yako aliambia watu ulijikata.

Kufuli: Nilijikata kwa sababu niliona vizuri sana. Sikuzoea.

Laini Saba: Colgate ni ya watoto. Sisi Laini Saba tulikuwa na jamaa anaitwa Alvin. Huyo Alvin alikuwa anatumia soda. Anamwagia soda kwa egzosi, anasugua na ile karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara. Siku moja amemaliza, ameegesha piki kando ya reli, jua ikapiga ile egzosi. Treni ikasimama.

Kufuli: Treni?

Laini Saba: Dereva aliona mwanga mbele yake. Alifikiria ni treni nyingine inakuja. Watu walishuka wakafika kazini wamechelewa, na wote walikuwa na sababu moja: piki ya Alvin.

Askofu: Ndio maana wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mimi: Hiyo inaingia wapi, Askofu?

Askofu: Pikipiki inajitembeza, Maggie. Kwa hivyo ni kibaya. Ukitaka kiwe chema lazima kwanza isimame. Si unaona Shiundu ameisimamisha?

Haya ndiyo mambo nasikia kuanzia saa kumi na mbili ya asubuhi. Nikawamwagia kahawa wanyamaze kidogo, nikapelekea Shiundu kikombe chini hapo. Alitoa kichwa. Uso ulikuwa na tope la kijivu mpaka kwa kope, na vidole vimekunjamana kwa kukaa kwa maji ya sabuni. Nikainama kuona. Sitadanganya, nilikuwa nimefikiria ni mchezo. Wiki nzima alikuwa ametoa ile rangi ya fedha ya kiwandani na dawa, akapiga tupa kila mahali palipokuwa na vipele vya chuma, akaingia na msasa mkali, halafu wa katikati, halafu huu laini ambao ukiushika unadhani ni karatasi tu. Injini ilikuwa imetulia, haina kipele, rangi ya maziwa ya unga. Lakini kujiona, hapana. Niliona kivuli cha leso yangu, basi.

Mimi: Inakuja?

Shiundu: Inakuja.

Mimi: Na saa nane?

Shiundu: Itakuwa imekuja, Maggie. Imebaki kupigwa na mashine tu.

Mashine ilikuwa drili ya hadiweya, amefunga vipande vya jinzi kuukuu mbele yake vikawa duara nene. Hiyo ndiyo humaliza kazi, na ile polishi ya kopo. Waya ilikuwa imetolewa kwa kinyozi kupitia dirishani. Akarudi chini.

Kufuli: Mimi naona tatizo si dawa. Tatizo ni heshima. Chuma ni kama mpangaji. Ukimbembeleza anakaa tu, kodi haleti. Lazima iogope. Shiundu, igombeze.

Laini Saba: Chuma haina masikio.

Kufuli: Wapangaji wangu pia hawana. Na wanalipa.

Askofu: Nyinyi hamjui hii kitu ni nini. Hiyo si chuma. Hiyo ni aluminiamu, na aluminiamu yote ya pikipiki ni sufuria zilizokufa. Wanakusanya sufuria za watu, wanayeyusha, wanamwaga, inakuwa injini. Kwa hivyo hiyo injini bado inakumbuka ugali. Isugueni na ukoko.

Laini Saba: Na kama ilikuwa sufuria ya chai?

Askofu: Basi majani. Mtu chake. Lakini ile siri kubwa ni kusugua ukiangalia nyumbani. Sufuria ya Mumias haiwezi kung'aa ikiangalia Ngong.

Kufuli: Sasa Shiundu ajue aje hiyo injini ilizaliwa wapi?

Askofu: Aonje.

Nilicheka mpaka nikamwaga kahawa. Chini hapo nikaona kidole cha mguu kimesimama kidogo, halafu kikaendelea. Nadhani pia yeye alicheka. Ndipo Laini Saba akaona Askofu anamshinda, na huyo ni mtu hawezi kushindwa.

Laini Saba: Sikilizeni. Yule Alvin hakuishia kwa treni. Aliendelea. Alisugua tangi, akasugua rimu, akasugua spoku moja moja, mpaka piki ikapotea.

Kufuli: Iliibwa.

Laini Saba: Nimesema ilipotea. Iko hapo, lakini ukiangalia unaona tu barabara na mama wa mboga. Yaani kila kitu imebeba sura ya kingine. Alvin mwenyewe aliigonga na goti akienda kuitafuta.

Askofu: Naamini hiyo.

Kufuli: Unaamini?

Askofu: Ndugu yangu, chuma ni kioo kilichotenda dhambi. Unasugua unatoa dhambi. Ukimaliza dhambi yote, kitu inaenda mbinguni. Mchelea mwana hulia mwenyewe.

Mimi: Askofu, nenda ulale.

Hapo Shiundu akawasha drili. Ilipiga kelele, polishi ikaruka, nyeusi, ikanirukia mpaka kwa mandazi. Kwa kava ya klachi alipitisha mara kadhaa, akafuta na kitambaa, na nikaona mkono wake kwa chuma, kucha na yote. Hata Kufuli alishuka kwa benchi kuja kuona, na Kufuli hushuka tu akisikia kodi. Kila mtu akaweka mkono, akautoa, akauweka tena. Shiundu akaanza upande wa pili. Akaenda kidogo. Drili ikalia polepole, ikanyamaza.

Tulidhani imechomeka. Kumbe redio ya kinyozi nayo imenyamaza, na mashine ya kusaga ng'ambo ya barabara. Stima zilikuwa zimepotea Congo yote.

Tulikaa tukingoja zirudi, vile watu hungoja. Kinyozi akatoka nje na mteja wake, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado, wakaangalia nguzo. Saa ikasonga. Ilipofika karibu saa sita nikajua hakuna kitu.

Kufuli: Basi imeisha.

Shiundu: Haijaisha.

Kufuli: Shiundu, wewe ni ndugu yangu. Upande mmoja ni kioo, ule mwingine ni maziwa. Shosho alisema injini yote. Mimi namfanyia huyo mama kazi, namjua. Akisema yote ni yote. Mngoje Ndungu, pengine huyo mtu wa Uthiru atakuachia uendeshe.

Shiundu alikaa kwa gunia. Sijawahi kumwona amekasirika, ni mtu wa maneno machache, lakini hapo alikasirika, na si kwa sauti.

Shiundu: Nimeendesha ya Shosho, nikienda nyumbani wananiuliza piki ni yako, nasema ni ya Shosho. Polisi akinisimamisha ni ya Shosho. Mvua ikininyeshea ni mimi, lakini piki ni ya Shosho. Sasa niendeshe ya mtu wa Uthiru? Mama yangu hakuwa na stima. Na sufuria zake ziliwekwa kwa uchaga nje, watu walikuwa wanaziona wakiwa barabarani huko Butere. Wageni walikuwa wanauliza hapo ni kwa nani.

Laini Saba: Alikuwa anatumia nini?

Shiundu: Jivu, gunia, na hasira.

Akasimama. Akaangalia benchi, mmoja mmoja, akamalizia kwa bega la Askofu.

Shiundu: Askofu, nipe hiyo blanketi.

Hapo lazima mtu ajue hiyo blanketi. Askofu amekaa nayo getini baridi zote za Julai. Akienda kunywa kahawa anaikunja anaikalia. Hajawahi hata kumfunika mtoto wa mtu nayo. Na ni blanketi ya sufu nzito, ile ya zamani, na sufu ndiyo hung'arisha chuma kuliko kitambaa kingine chochote, hata mimi najua. Askofu aliishika. Akatafuta methali. Niliona midomo inatafuta.

Askofu: Mkono mmoja hauchinji ng'ombe.

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, methali iliingia mahali pake. Akaitoa begani, yeye mwenyewe akaikanyaga upande mmoja na kuipasua.

Mimi: Haya, Kufuli. Chukua kipande.

Kufuli: Mimi ni mtu wa Shosho.

Mimi: Leo wewe ni mtu wa benchi. Umekunywa kahawa yangu miaka yote ukiongea. Sugua.

Akasugua. Wote walisugua. Mimi nilifunga jiko, nikafunika mandazi, nikachukua kipande changu. Askofu alilala chali chini ya piki kwa sababu alisema ni mtu wa kuzoea kulala vibaya, akapewa tumbo la injini. Laini Saba alipewa yale mafini ya silinda, mapezi membamba ya chuma yaliyopangana, anaingiza uzi wa blanketi katikati anavuta huku na huku, na kwa mara ya kwanza Kibera ilinyamaza. Kufuli alipewa upande wa gia. Shiundu alizunguka na kopo la polishi na kale kamsasa laini. Mtu akiona mkwaruzo anaita, Shiundu anakuja anautoa, mtu anaendelea na blanketi.

Kufuli: Hapa bado kuna kamchoro.

Shiundu: Wapi? Toa mkono. Sugua sasa.

Askofu: Huku chini pia.

Shiundu: Nakuja.

Mikono iliuma. Mimi bega langu halijapoa mpaka leo. Watu wa kupita walisimama wakauliza kwani nani amekufa, kwa sababu hawajawahi kuona hao wazee wamenyamaza wote pamoja. Jua liliposonga likaingia pale chini, injini ikawaka. Upande wa kwanza, upande wa pili, mbele, tumbo. Askofu akatoka huko chini, akajiona uso wote, akachukua ndevu zake akazigeuza.

Askofu: Mimi ni mzee hivi?

Sisi tulikuwa tunahema tu.

Shosho Wagaki alifika na fimbo yake na sweta ya baridi ya Kinangop tayari, kitambaa cheupe kichwani. Alisimama mbali kwanza. Aliona mikono yetu, myeusi mpaka kwa viwiko, akamwona Kufuli wake naye ni mweusi.

Shosho: Kiarie. Hata wewe?

Kufuli: Hata mimi, Shosho.

Akaja karibu akaanza kuzunguka piki, polepole, akigonga na fimbo pale anataka kuangalia.

Shosho: Hapa nyuma ya egzosi?

Shiundu: Pia, Shosho.

Shosho: Na chini, mahali watu hawaoni?

Kufuli alilala kwa tope na suruali yake ya kazi, akamulika na tochi ya simu. Shosho akainama, goti likalia, akaangalia chini yote huko, mbele, nyuma, upande wa gia. Aliangalia vile anaangaliaga nyumba mpangaji akihama. Halafu akainuka, akavutiwa kiti kidogo cha kinyozi, akakaa mbele ya kava ya klachi, akafungua kitambaa.

Nywele zake zote zilikuwa nyeupe. Sikuwa nimewahi kuziona. Akaangalia kwa chuma muda mrefu, akashika kitambaa ncha mbili, akakipeleka nyuma, akakifunga, akakirekebisha hapa juu ya sikio, akivuta mbele kidogo vile wao hupenda. Hakuguswa na mtu, hakuuliza mtu kama kimekaa sawa. Kilikuwa kimekaa sawa.

Shosho: Ndungu atanitukana.

Shiundu: Shosho...

Shosho: Wacha atukane. Hilo neno nililisema nikiwa na akili zangu, mbele ya watu. Nilidhani ni mzaha. Wewe ndiye hukufanya mzaha. Piki ni yako, Shiundu.

Shiundu alikaa chini, na pale alipokaa palikuwa na beseni ya maji ya msasa, akakaa ndani. Alisema asante Shosho akiwa hapo hapo ndani ya maji. Laini Saba alikuwa anafuta macho na kile kipande cha blanketi, akajipaka weusi wote usoni. Mimi nililia bila kujificha. Nilifurahi kama ni mtoto wangu ameandikwa kazi.

Shosho: Na tusingoje kesho. Kesho niko kwa lori. Kiarie, pigia Wanja simu aje na kompyuta yake. Tumalize hapa hapa nikiona.

Wanja ni binti ya dada yake Shosho, ana saiba ya intaneti pale 56, ndiye huingizia watu mambo yote ya serikali kwa mtandao. Akakuja haraka, begi mgongoni, miwani, mtu wa kazi. Hakuwa anajua habari ya kitambaa wala blanketi. Niliwasha jiko tena nikajaza birika mpaka juu, nikasema leo wanywe, sihesabu.

Wanja: Sasa wazee. Shosho, habari. Mnauza hii? Ni safi sana.

Shosho: Hatuuzi. Naandikia Shiundu.

Wanja: Poa. Shosho, leta kitambulisho na logbook, ile kadi ya piki. Shiundu, kitambulisho chako pia. Mimi huwa naangalia namba zote na macho yangu kwa piki yenyewe kabla niingize, nisikosee. Kuna wakati mtu alinisomea vibaya nikateseka.

Shiundu: Angalia yote, dada. Angalia.

Aliongea kama mwenye kitu anavyoongea. Nilisikia tofauti na nikamwangalia Kufuli, naye alikuwa amesikia. Wanja akapiga picha namba ya nyuma. Akaja mbele, akageuza usukani, akamulika pale shingoni mwa fremu, akasoma kwa sauti, herufi na namba, Shosho akifuatisha kwa logbook aliyoitoa mkobani. Ikakubaliana. Nikaanza kumwaga kahawa kwa vikombe. Wanja akachuchumaa kando ya injini, upande wa gia, akainamisha simu, akaisogeza, akafuta na kidole, akasogeza tena.

Wanja: Namba ya injini iko wapi?

Laini Saba: Si umeisoma hapo mbele?

Wanja: Hiyo ni ya fremu. Nauliza ya injini. Huwa imepigwa mhuri hapa kwa chuma, chini, karibu na gia.

Kufuli alikuwa wa kwanza kuelewa, kwa sababu upande wa gia ulikuwa wake, na kale kamchoro ni yeye aliita katolewe. Nilimwona akiangalia mkono wake wa kulia. Laini Saba akafungua mdomo, akasema, "Huko Laini Saba...," halafu akanyamaza, na hiyo sijawahi kuona. Askofu hakutafuta methali.

Shosho: Si umwonyeshe, Shiundu. Msomee. Namba si iko?

Shiundu alipiga magoti kwa tope. Alipitisha kidole gumba pale karibu na gia, polepole, akarudisha, akapitisha tena, anabonyeza, akisikiliza na ngozi kama kuna hata mkwaruzo mmoja umebaki. Sisi wote tukainama kumsaidia kutafuta, na Shosho akainama juu ya fimbo yake. Pale chini, kwa chuma, tulikuwa tumejaa: Askofu, Kufuli na mikono yake, Laini Saba na weusi usoni, kitambaa cheupe, mimi na birika.

Wanja: Nauliza tu jamani. Bila hiyo, watasema injini ni ya wizi. Iko wapi?

Kahawa ilikuwa tele kwa birika. Hakuna mtu aliitisha.